Mwaka Niliomwonjea Bibi Zuwena

Mwezi uliopita tulimzika Rahma. Nasema tulimzika, ingawa makaburini sikufika, maana mimi ni mwanamke na tena Mkristo; nilibaki na wanawake hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, katika ile nyumba ya ukuta mweupe niliyoingia mara ya kwanza nikiwa na sanduku moja na kiburi kingi. Siku ya pili ya tanga nilikwenda mapema. Ukumbi ulikuwa umejaa, redio inasoma Kurani kwa sauti ya chini, na wanawake wakaniambia karibu, pita, kaa. Sikukaa. Miguu ilinipeleka yenyewe jikoni, na huko nikaikuta dele ileile ya kahawa, ya shaba, yenye mdomo uliopinda kidogo tangu ilipoanguka enzi zetu. Nikajifunga kitambaa kiunoni nikaanza kuosha finjani, kwa sababu mimi kilio changu hakitoki nikiwa nimeketi. Ndipo akaingia mwanamke mzee anayetembelea fimbo, akasimama karibu na friji, akanitazama weee mpaka nikaona haya. "Wewe ni Petu," akasema. Jina langu ni Perpetua. Petu nilipewa na Bibi Zuwena, mama yake Rahma, ambaye ameshatangulia miaka mingi, na Rahma akalichukua kwake. Nilidhani limezikwa naye jana yake. Nikamtambua mgeni kwa macho kabla ya sauti: ni Asila wa Sidab, binamu yake Rahma. Mikono yangu ikabaki ndani ya maji ya sabuni. Mwanamke huyu nimemchukia miaka mingi, na maishani nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Alichokuja kukitaka jikoni nitakisema mwishoni, kwa sababu bila mwaka ule hakieleweki.

Habari za kwetu Kenya nitaziruka. Wenyewe wanazijua, na asiyezijua hapungukiwi na kitu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimetoka katika nyumba ya watawa kabla ya kuweka nadhiri, na msichana aliyetoka utawani kijijini hana pa kuuweka uso. Maskati ilikuwa mbali ya kutosha. Nilikuja na Kilatini cha mwaka mmoja nilichofundishwa na Sista Benedetta, Mwitaliano, na Kiitaliano cha jikoni, na ujuzi wa kuhudumia wagonjwa, maana masista wazee walifia mikononi mwetu sisi manovisi, wanafunzi wa utawa. Rahma, mwajiri wangu, alikuja kunipokea uwanja wa ndege mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Familia yao ilitoka Bujumbura, na huko ndiko alikosomea. Aliendesha gari kimya, miwani ya jua usoni, mpaka tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Nataka ujue mapema. Mama hanywi." Nikajibu kwa fahari, "Hata mimi, Madam. Nimelelewa na masista." Akageuka kunitazama, akacheka kicheko kifupi ambacho alionekana hakukitarajia. "Simaanishi pombe, Perpetua. Hanywi kitu. Hata maji."

Nikadhani ni maneno tu ya binti anayemdekeza mama yake. Kumbe ni kweli. Chumba cha Bibi Zuwena kilikuwa cha chini, karibu na ukumbi, kikinukia udi na karafuu. Kitanda kipana, kabati la vyombo vya kioo alivyokuja navyo kutoka bara, kule Bujumbura, zulia jekundu lililofifia upande wa dirishani. Kando ya kitanda palikuwa na jagi la maji na bilauri iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Kila asubuhi maji yalimwagwa yote kama yalivyotiwa. Bibi alikuwa mwembamba, midomo imepasuka, lakini akili yake ilikuwa kali, na ukimwambia anywe alikujibu kwa adabu kama anayemkataa mchumba: "Sina kiu, mwanangu." Alikula tikiti maji, alikula vijiko viwili vitatu vya uji mzito, na maji alimeza yale ya kusukumia dawa basi. Mara kwa mara Rahma alimpeleka hospitali akatundikiwa dripu, akarudi na mkono uliovilia damu. Daktari alikuwa amemwambia Rahma waziwazi: figo zinachoka, mwili hauishi kwa dripu, mama huyu asipokunywa hatafika mwakani. Kwa hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Kupika walipika wengine, kufagia walifagia wengine. Mimi nilitakiwa kumfanya mtu mzima mwenye akili zake anywe.

Jambo la pili nililoliona halikuambiwa na mtu. Wageni walikuja, si wengi, majirani na watu wa ukoo, na kahawa iliwekwa kama inavyowekwa kila nyumba ya Maskati: halwa, tende, dele, na finjani zile ndogo zisizo na mkono. Hapa mgeni aliyetosheka huitikisa finjani mkononi, ndipo mmiminaji akajua basi; asipoitikisa, anaongezwa. Katika nyumba ile wageni waliitikisa finjani ikiwa kavu, kabla sijamimina. "Nimetoka kunywa sasa hivi," anasema mmoja. "Mie presha, kahawa nimekatazwa," anasema mwingine, na huyo huyo siku moja nilimkuta kwa jirani akimaliza finjani ya nne. Bibi Zuwena alikaa kwenye kiti chake cha mbao akiwatazama wakitikisa, uso haukunjiki wala haufunguki. Wakiondoka, dele naikuta nzito vilevile.

Sasa nikwambie kosa langu. Kwetu, mtu akikumiminia kinywaji, iwe uji, iwe togwa, iwe chai, hupiga funda moja mwenyewe kwanza ndipo akakukabidhi. Mama yangu alifanya hivyo kwa kila mgeni, na akimaliza husema, "Sumu imetoka, kunywa." Hakuna anayefikiri juu yake, ni adabu tu, kama kufuta kiti kabla mgeni hajakalia. Wiki yangu ya kwanza Khuwair nilipika chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, nikaimimina katika kikombe cha Bibi chenye ukingo wa buluu. Rahma alikuwa amesimama mlangoni anatafuta funguo zake aende kazini. Nikapiga funda, nikafuta ukingo kwa kitambaa safi, nikamnyooshea Bibi kikombe nikitabasamu hadi magego. "Haya Bibi. Sumu imetoka, kunywa."

Wewe! Rahma alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Bibi hakukipokea kikombe. Alinitazama mimi, akakitazama kikombe, akanitazama tena, kisha akageukia ukutani akavuta shuka. Rahma alinishika mkono wa juu, hapa penye nyama, akanikokota mpaka jikoni akafunga mlango. "Nani kakutuma?" akaniuliza. "Nani kakwambia useme neno lile ndani ya nyumba hii? Watu wa Sidab?" Mimi hata Sidab sikuijua iko wapi. Nilianza kulia, nikamweleza habari za mama yangu na uji na adabu za kwetu, namwagika tu. Alinisikiliza, halafu akakaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba wake mapajani, akaniambia yote, na kazini siku hiyo hakwenda.

Mwaka mmoja kabla sijaja, wifi yake Bibi Zuwena, dada wa marehemu mumewe, Bi Shamsa, alikuja pale kumtembelea. Walikuwa wamenuniana muda mrefu juu ya nyumba aliyoiacha marehemu, na siku hiyo Bi Shamsa alikuja ili wapatane. Bibi Zuwena alimpikia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Wakanywa, wakalia, wakasameheana, na Bi Shamsa akarudi kwake Sidab. Alfajiri hakuamka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulikuwa unamsumbua siku nyingi. Lakini tangani mtu mmoja akauliza kwa mdomo wa upande, "Jana alikula wapi?" Mwingine akajibu. Wa tatu akasema lisemwalo lipo. Na Asila, mtoto pekee wa Bi Shamsa, aliposikia hakukanusha. "Hakuna aliyemtuhumu mama mbele ya uso wake," Rahma akaniambia. "Wangemtuhumu, angejibu. Wanakuja, wanambusu mkono, wanamwita mama. Ila hawanywi. Na mama tangu alipogundua hawanywi, na yeye kaacha. Kasema, kama kinywaji cha nyumba yangu hakinyweki, basi hata na mie sikinywi." Nikauliza, "Kwa hiyo anataka kufa?" Rahma akaufungua mkoba wake, akaufunga. "Anataka mtu mmoja wa upande wa shangazi anywe hapa. Akipata huyo atakunywa. Asipompata, ndiyo hivyo unavyomuona."

Nilifunga sanduku langu jioni ile. Sikufukuzwa, ila nilijua ningefukuzwa, na nilitaka nikutwe tayari. Asubuhi Bibi aliniita. Nikaingia nimeinama kama mwizi. Alikuwa amekaa kitako kitandani, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri, na akanipima kwa macho kuanzia miguuni.

"We mtoto, jana ile chai uliinywa?"

"Nilipiga funda moja, Bibi. Nisamehe sana."

"Baada ya pale?"

Nikaona aibu. "Niliimaliza jikoni, Bibi. Ilikuwa na maziwa, nikaona ni hasara kuimwaga."

"Yote?"

"Yote."

"Na usiku umelala?"

"Nimelala, Bibi."

Akasema polepole, "Mbona hukufa?" na mimi, kwa vile nilikuwa nimechoka kuogopa, nikajibu, "Labda sumu ya huku haiwapati Wakenya." Naapa nilitaka kujikata ulimi. Lakini Bibi Zuwena akaanza kucheka. Alicheka kifua kikigonga, akacheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Mkono wake mkavu ukanipapasa shavu. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima hapana mtu asokuwa mwanangu alokunywa kitu changu. Nenda kapike ile chai yako. Uionje hapa mbele yangu, nnataka kukuona." Nikapika. Nikapiga funda mbele yake, na yeye akanywa nusu kikombe. Rahma alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, hasogei, asije akauvunja wakati ule.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wote. Asubuhi chai, mchana maji ya ndimu, baada ya alasiri kahawa: naonja, anakunywa. Asiponiona kwa macho yake nikionja, hanywi. Midomo yake ilipona, mkono ukaacha kuvilia. Ramadhani ilipoingia daktari alimkataza kufunga, na aibu ikamshika, mtu mzima kunywa mchana. Basi nilifunga mlango wa chumba chake, nikanywa naye bilauri kwa bilauri, ili dhambi, kama ipo, tuigawane na mtu wa dini nyingine. Ijumaa, siku ya ibada yetu huku, nikitoka kanisani nilipitia Darsait kwa rafiki yangu Awino, msusi, aliyekaa chumba cha juu ya karakana moja ya magari. Kwake tulikaa chini tukala sukuma wiki na ugali uliochanganywa unga wa kila duka, na yeye akinisuka hakuisha kunichamba. "Yaani umeacha utawa wa bure ukaja kuwa muonja chai wa sultani. Siku moja utaionja ya kweli, tukurudishe kwenu ndani ya sanduku." Nilicheka, lakini usiseme hayakunigusa. Watu wa nyumba zile tatu nne za jirani walikuwa wameanza kuniita "yule anayeonja", na nilijua maana yake. Kila nilipoonja nilimponya Bibi, na kila nilipoonja niliwathibitishia majirani kwamba kuna cha kuonjewa. Hilo lilinisumbua sana, na hata leo sijui kama nilifanya sawa.

Siku moja baada ya alasiri tulikuwa jikoni mimi na Rahma, yeye anasahihisha mitihani mezani, mimi nachambua mchele. Tulikuwa tumezoeana, Madam ilikwisha, sasa alikuwa Dada Rahma. Akaniuliza Sista wangu wa Kiitaliano alinifundisha nini cha maana. Nikamwambia habari ya dawa ya kikohozi. Sista Benedetta alichemsha majani na asali katika sufuria kubwa, akatufukuza na kijiko korido nzima akiita, "La pozione! La pozione!" Na darasani alituambia neno hilo limetoka katika Kilatini, potio, na kwamba maana yake si kitu kingine ila kinywaji. Kitu cha kunywa. Unakunywa, ndiyo potio. Rahma akaiweka kalamu ya wino mwekundu mezani.

"Rudia hilo neno."

"Potio."

"Kifaransa tuna potion, dawa ya kunywa," akasema. "Na tuna poison. Ni neno moja, Petu. Walitufundisha chuoni, nikalisahau. Poison zamani ilikuwa kinywaji tu, mtu anaweza kumkaribisha mwenziwe. Halafu ikawa dawa. Halafu ikawa ile dawa ambayo hujui imetiwa nini. Mwisho ikawa sumu yenyewe, na watu wakasahau kama iliwahi kunyweka." Akakumbuka kwamba Wahispania nao wana ponzoña na Wareno wana peçonha, maneno ya sumu, na yote mzizi wake huo huo. Nikamuuliza, na hapo nilikuwa nauliza kweli, si kwa hekima: "Na kwa Waitaliano imebakije dawa? Walimimina kutoka chombo kimoja." Rahma akatikisa kichwa. "Sijui. Wafaransa walimiminiana wakatazamana vibaya, labda."

Hatukujua kama Bibi amesimama ukumbini na fimbo yake, mlango uko nusu wazi. Akaingia, akavuta kiti, akataka aelezwe tena tangu mwanzo, na Rahma akamweleza kwa Kiswahili cha taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi. Bibi alisikiliza akiviringisha punje ya mchele kidoleni. "Kwahivyo neno lenyewe halikuwa na kosa," akasema.

"Halikuwa na kosa, mama."

"Lilikuwa kinywaji. Wakalisingizia."

"Wakalisingizia."

"Na likishasingiziwa halirudi?"

Rahma alikuwa mwalimu mkweli, na ukweli huo ulimuuma. "Kwa Wafaransa halikurudi, mama. Walilazimika kulichukua lingine upya kutoka kwenye Kilatini, wakaliweka kando ya lile la sumu. Ndiyo hiyo potion." Bibi akafikiri. Nje muuza gesi alikuwa anapiga honi. "Basi wamefanya akili," akasema mwisho. "Lile lilioharibika wameliacha na uharibifu wake, wakenda kuteka jipya." Akaondoka na fimbo yake. Nimeishi na maneno yale miaka mingi, hata nilipokuja kufundisha watoto wa chekechea hapa hapa Maskati, kazi ambayo Rahma ndiye aliyenitafutia. Siku ile nilidhani ni mazungumzo tu ya kupitisha alasiri.

Wiki iliyofuata Bibi akanipa agizo. Idi itakapofika aalikwe kila mtu, na Asila aendewe Sidab na Rahma mwenyewe, asipigiwe simu. Na mimi nisionje. "Siku hiyo nnakutaka umimine tu, Petu. Kuonja nitaonja miye." Akatueleza kwamba baba mkwe wake, kule bara, mgeni akifika kutoka mbali, alikuwa akijimiminia finjani ya kwanza mwenyewe na kuinywa mbele ya mgeni, kisha ndipo mgeni akapewa. Ilikuwa desturi ya Waarabu wa zamani, na vijana wameiacha, siku hizi mgeni ndiye anayeanza. "Muda wote huu nimengoja mtu anywe kwangu," akasema, "na miye mwenyewe sijanywa mbele ya mtu. Wataaminije?"

Asila alikuja. Idi asubuhi ukumbi ulijaa, harufu ya halwa ya moto na ubani, watoto na fulana mpya wakikimbizana uani. Alikuwa mwanamke kijana kama mimi, mrefu, macho makubwa ya kutisha kidogo; alimbusu Bibi mkono, akamwita "mkaza mjomba", kwa kuwa ni mke wa mjomba wake, akaenda kukaa karibu na mlango. Nikaingia na dele. Finjani zikaanza kutikisika kavu kama kawaida yao, huku na huku, mpaka Bibi aliposema, "Ngojeni." Akaninyooshea finjani yake. Nikamimina. Akainywa mbele ya wote, yote, bila haraka, akaigeuza juu chini waone haina kitu. Kisha akasema, "Mpe Asila. Dele hiyo hiyo." Nikavuka zulia lile. Nikammiminia. Asila akaipokea finjani kwa mkono wa kulia kama ipasavyo, akaitazama ndani; niliomba kwa kila lugha niliyokuwa nayo, Kilatini kikiwemo. Akaiweka chini kwenye zulia. Akaifunika kwa kiganja. "Nimeshiba, mkaza mjomba," akasema. "Idi njema."

Nilimchukia. Sitaki kulipamba: ningekuwa si mtumishi wa watu ningemwagia ile kahawa kichwani. Lakini pale pale jirani mmoja, yule yule mama wa presha, akaniita, "We binti, hebu leta hapa hiyo kahawa, kooni kumekauka," na akanywa. Na wa pembeni yake akanywa. Ukumbi ukaanza kusikika ule mlio wa midomo na finjani ambao nyumba ile iliusahau, na nilimimina mpaka nikarudi jikoni kupika nyingine. Walipoondoka nilikusanya vyombo. Finjani zote zilikuwa tupu ila moja, karibu na mlango. Niliinama niimwage kwenye sinia. "Usiimwage," Bibi akasema. "Lete." Ilikuwa imepoa kabisa. Akainywa finjani ya Asila mpaka mashapo. "Kama ina sumu," akasema, "basi yanijua." Na tangu siku ile hakunihitaji tena nimwonjee. Alikunywa mwenyewe, maji, chai, kahawa, mbele ya watu na peke yake, akaishi miaka sita mingine na figo zile zile. Lakini kila Idi alikaa akiuangalia mlango, na Asila hakutia mguu tena mpaka siku ya mazishi yake. Na siku hiyo pia hakunywa.

Ndiye huyo aliyesimama jikoni mwezi uliopita, amekuwa mzee, na mimi mzee, maji ya sabuni yanapoa mikononi mwangu. Akavuta kiti kile kile cha jikoni akakaa bila kukaribishwa.

"Rahma alikuja kwangu kabla hajalazwa," akasema. "Hakunilaumu. Heri angenilaumu." Akapangusa fimbo yake kwa ncha ya shela. "Mama yangu alikuwa na moyo. Dawa zake nilikuwa nikimpa mimi. Nilijua tangu alfajiri ile ile, Petu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini wale walipoanza kusema, nikaona afadhali iwe sumu. Sumu ina mtu. Moyo ningemkasirikia nani? Mungu?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia moja tu, na sikulilainisha: "Bibi alikungoja mpaka mwisho. Kila Idi." Asila akainamisha kichwa. "Najua," akasema. Kule ukumbini msomaji akamaliza sura, wanawake wakasema amina. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kahawa ya nyumba hii."

Nikaifuta finjani nikaikausha. Nikaiinua dele, nikamimina, na mkono wangu, ambao haujasahau kitu, ukaipeleka finjani kwenye mdomo wangu kwanza. Asila akanishika kiwiko.

"Usionje," akasema. "Nipe hivyo hivyo."

Nikampa. Akanywa macho yamefumba, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akaimaliza. Akaninyooshea finjani. Nikangoja aitikise. Hakuitikisa, na mimi nikammiminia tena.